Mara, Muda na Nukta: Namna Tunavyoieleza Hesabu ya Wakati Ndani ya Kompyuta

Makala haya yanakusudia kuichunguza sentensi moja fupi, ambayo husikika madarasani na huandikwa katika maelezo mengi ya Kiswahili yahusuyo kompyuta: kwamba kompyuta husoma saa iliyomo ndani yake ili ijue wakati. Sentensi hii haina kosa la upatanisho wala haina neno geni. Mwanafunzi huinakili, huijibia mtihani na hupewa alama zake. Hata hivyo sentensi yenyewe si kweli, na uongo wake haumo katika nomino, mahali ambapo sisi wenye kushughulika na istilahi tumezoea kutafuta makosa. Umo katika kiambishi hu- cha kitenzi. Kompyuta haina mazoea ya kusoma saa. Iliisoma mara moja ilipowashwa. Tangu hapo imekuwa ikihesabu. Kati ya ilisoma na imekuwa ikihesabu pana tofauti kubwa, na Kiswahili kinayo njia nyepesi kabisa ya kuitaja tofauti hiyo. Ajabu ni kwamba waandishi wetu hawaitumii.

Wino mwingi umemwagika kuhusu jina la mashine yenyewe, iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mimi nitasema kompyuta na sitaomba radhi, kwa sababu naona ubishi huo umetuchelewesha kufika kwenye vitenzi, na vitenzi ndivyo vielezavyo kazi.

Yafaa kwanza tueleze mambo yalivyo. Katika kompyuta nyingi za mezani kuna saa ndogo yenye betri yake, ambayo huendelea kwenda hata mashine ikizimwa. Moyo wa saa hiyo ni fuwele ya kwatzi itetemayo mara 32,768 katika kila sekunde. Nambari hiyo haikuchaguliwa ovyo: ukiigawa kwa mbili, kisha jibu lake ukaligawa kwa mbili, na kuendelea hivyo mara 15, utabaki na moja, yaani pigo moja kwa kila sekunde. Saa hii ni ndugu ya saa ya mkononi. Inajua tarehe, dakika na sekunde, lakini kwa kawaida haiwezi kutaja sehemu ya sekunde, na kuiendea ili kuisoma ni safari ndefu kwa kipimo cha kasi ya mashine. Kwa hiyo mfumo endeshi, yaani programu kuu igawanyayo kazi za kompyuta, huiuliza saa hiyo mashine inapowashwa, huchukua jibu, kisha huiacha.

Lakini haja ya wakati haikomi hapo. Mfumo endeshi hauna budi kujua ni faili ipi iliyoandikwa kwanza, ni programu ipi iliyomaliza zamu yake, na ujumbe uliopelekwa kwenye mashine nyingine umekaa kitambo gani bila jibu. Basi kuna chombo cha pili, kisichojua tarehe wala saa. Kazi yake ni kupiga hodi tu, kwa vipindi vilivyo sawa. Kila hodi inapopigwa, prosesa huacha ilichokuwa ikifanya, huongeza moja katika hesabu, kisha hurejea kazini. Baadhi yetu hulitaja tukio hili kwa istilahi ya kikatizo, kutokana na kukatiza maneno. Sina ugomvi nayo kama jina, ila kwa maelezo naona inaegemea upande mmoja: inataja adha ya mwenye nyumba na kumsahau mgeni. Hodi inatufunza zaidi. Mwenye nyumba aweza kuwa na shughuli isiyokatizika, akafunga mlango kwa komeo. Hodi ya kwanza itamngoja kizingitini. Lakini ikipigwa ya pili kabla ya ile ya kwanza kuitikiwa, mwenye nyumba akifungua atamkuta mgeni mmoja, wala hatajua kwamba aliitwa mara mbili. Pigo moja limepotea. Saa ya mfumo imebaki nyuma, na hakuna chochote ndani ya nyumba kitakachomwambia.

Hapa neno mara linaanza kudai haki yake. Kiswahili hulitumia kwa idadi ya matukio, kama mtu alivyoitwa mara mbili. Hulitumia kwa tukio la ghafla, mara akaingia. Na katika hesabu hulitumia kwa kuzidisha, tatu mara nne. Maana zote tatu zapatikana ndani ya mashine hii. Hodi ni tukio la ghafla, hodi zahesabiwa, na idadi yake ndiyo izidishwayo ili kupata wakati. Kiingereza, kilichozaa istilahi tunazozitafsiri, hubebesha neno moja idadi ya matukio, urefu wa kipindi, saa ya ukutani, na hata dhana yenyewe ya wakati. Mfasiri akilikuta neno hilo mara kumi katika ukurasa mmoja, akaandika wakati mara kumi, amekuwa mwaminifu kwa Kiingereza na amekidhulumu Kiswahili, ambacho kilikuwa tayari kimeyatenga mambo hayo.

Tuchukue mfano wa mashine ijulikanayo. Kompyuta ya kwanza ya IBM ya matumizi ya mtu mmoja, iliyotolewa 1981, haikuwa na saa ya betri kabisa. Saa hiyo ilikuja na toleo la 1984. Katika ile ya kwanza, mfumo endeshi wa DOS ulipoamka ulimwuliza mtu tarehe na saa, ukamwamini. Baada ya hapo ulihesabu mapigo. Chombo cha mapigo kilitetema mara 1,193,182 hivi kwa sekunde, na kilipiga hodi moja kwa kila mitetemo 65,536. Hizo ni hodi 18.2 kwa sekunde, kila moja ikiwa mbali na mwenzake kwa karibu elfu 55 za milioni moja ya sekunde. Siku nzima ilihesabiwa kuwa mapigo 1,573,040. Hesabu ilipofika hapo ilirudi sifuri, na mashine ikasimamisha alama moja kuonyesha kwamba usiku wa manane umepita. Alama hiyo, katika mashine nyingi za aina hiyo, haikuwa hesabu, ilikuwa bendera. Ikiwa mashine iliachwa ikifanya kazi, ukapita usiku wa manane wa kwanza na wa pili pasipo programu yoyote kuuliza tarehe, bendera ilikuwa imekwisha simama, wala bendera haisimami mara mbili. Siku nzima ilitoweka katika kalenda. Ni kisa kilekile cha mgeni mlangoni, isipokuwa safari hii aliyepotea ni siku.

Jambo linalomhusu zaidi mhakiki wa lugha ni hili. Programu ilipouliza wakati, DOS ilijibu kwa saa, dakika, sekunde na sehemu za mia za sekunde. Msomaji aliyeona 27 katika nafasi ya sehemu za mia aliamini kwamba mashine inaijua sehemu ya ishirini na saba. Haikuijua. Wakati wake ulikuwa ukirukaruka kwa hatua za sehemu tano au sita, na baina ya hatua moja na nyingine mashine haikuwa na habari yoyote. Tarakimu zilikuwa mbili kwa sababu za mpangilio. Huu ni uongo wa uandishi kuliko wa uhandisi. Ni kama mwanahistoria anayeijua karne tu, lakini kwa kuwa fomu ina nafasi ya mwezi, anaujaza mwezi.

Mfumo wa Unix, uliotungwa katika maabara ya Bell huko Marekani, ulichukua njia nyingine, na njia hiyo inamgusa Mswahili kwa namna ambayo sijaiona ikitajwa. Mwongozo wake wa kwanza, wa Novemba 1971, uliuhesabu wakati kwa sehemu za sitini za sekunde tangu mwanzo wa 1 Januari 1971. Sehemu za sitini zilitoka ukutani: umeme wa Marekani hupigapiga mara 60 kwa sekunde, na chombo cha mapigo kilichomo katika mashine zile kiliufuata umeme huo. Umeme wetu Kenya ni wa mapigo 50. Mashine yenye kuhesabu mapigo ya Nairobi huku ikiyaita ya Marekani ingepoteza dakika kumi katika kila saa moja. Hesabu ile nayo ilitiwa katika nafasi ya tarakimu 32 za jozi, ambayo kwa mwendo wa mapigo 60 hujaa baada ya siku 828. Ikalazimu mwanzo usogezwe, na hatimaye kipimo kikabadilishwa kuwa sekunde nzima tangu 1 Januari 1970. Mpango huo ungali unatumika. Penye nafasi ya tarakimu 32 ambayo moja yake imewekewa alama ya kujumlisha na kutoa, hesabu itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki.

Sasa tazama swali letu la kila siku: saa ngapi? Ngapi huuliza idadi. Anayeuliza hivyo anataka kuambiwa ni saa ngapi zimepita tangu mwanzo unaojulikana na wote, nao ni mapambazuko kwa mchana na magharibi kwa usiku. Saa tatu asubuhi ni saa tatu zilizohesabiwa. Unix hufanya hivyohivyo: ina mwanzo, ina kipimo, ina idadi. Kiingereza nacho, bila shaka, huhesabu tangu usiku wa manane au adhuhuri, ila swali lake halisemi kwamba linahesabu. Mwalimu anayetaka kumfahamisha mwanafunzi wa Mombasa au Kisumu jinsi Unix inavyotunza wakati ana swali hilo mdomoni mwa mwanafunzi tayari. Badala yake maelezo yetu huanza na saa ya ukutani yenye mishale, kisha huhangaika kuing'oa mishale hiyo.

Hapa sina budi kugusa jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzangu. Neno saa lina tatizo la kweli. Alifika saa tatu na alikaa saa tatu hutenganishwa na kitenzi peke yake. Ya kwanza ni mahali katika siku, ya pili ni urefu. Wasemaji wengi nchini Kenya wamelitatua tatizo hili wenyewe kwa kusema alikaa masaa matatu, nasi twalipiga neno hilo mstari mwekundu, kwa hoja kwamba saa ni ya ngeli isiyobadili umbo katika wingi. Hoja hiyo ni sahihi na haitoshi. Umbo la masaa halitumiki ovyo: husikii kwa kawaida mtu akisema alifika masaa matatu. Limepewa kazi ya urefu, na kazi hiyo haina mwenyewe katika Kiswahili Sanifu isipokuwa tuongeze maneno mengine, kama kwa muda wa. Sipendekezi kwamba masaa yaingizwe kesho katika vitabu vya shule. Nasema tu kwamba mhariri anayelifuta ana wajibu wa kuandika kitu mahali pake chenye kutunza tofauti ileile. Katika fani hii tofauti hiyo si pambo. Programu yaweza kuomba iamshwe baada ya 60, au iamshwe ifikapo 60. Ya kwanza italala dakika moja. Ya pili imetaja dakika moja baada ya mwanzo wa mwaka 1970, ambao ulikwisha pita zamani, nayo itaamshwa papo hapo. Makosa ya namna hiyo ni ya kawaida kwa watunzi wa programu, na chanzo chake ni kuchanganya nukta na muda.

Nimelitumia neno nukta kwa makusudi. Kamusi zetu za zamani zalitambua kwa maana ya sekunde, na wazee wa pwani bado hulitumia hivyo, ingawa shule zimelisukuma kando kwa ajili ya sekunde. Lakini nukta kwanza ni alama ndogo iwekwayo kwa ncha ya kalamu, haina urefu. Sekunde ina urefu. Yafaa tuyaweke maneno haya mawili kazini badala ya kuyapiganisha: sekunde iwe kipimo, nukta iwe mahali. Tukifanya hivyo twaweza kulieleza kwa urahisi lile lililo gumu kuliko yote katika mada hii, yaani kile kinachotendeka kati ya pigo na pigo.

Kwa miaka mingi mfumo endeshi wa Linux, katika kompyuta za kawaida, ulipokea hodi 100 kwa sekunde. Toleo la 2.6 liliziongeza hadi 1,000, na mwaka 2005 idadi ya kawaida ikateremshwa hadi 250, kwa kuwa hodi nyingi humchosha mwenye nyumba na kula umeme. Zikiwa 100, kati ya nukta moja na inayofuata pana sehemu ya mia ya sekunde. Prosesa ya mizunguko bilioni moja kwa sekunde huzunguka mara milioni kumi katika pengo hilo. Je, programu ikiuliza wakati katikati ya pengo, iambiwe nini? Jibu la nukta iliyopita ni la zamani. La nukta ijayo halijafika. Mfumo endeshi hutumia hapo chombo cha tatu, kihesabio kiendacho kasi, kisichopiga hodi bali hukaa kimya kikiongeza moja juu ya moja. Prosesa za Pentium, zilizotoka 1993, zilikuwa nacho ndani yake, kikihesabu kila mzunguko. Nukta ilipopigwa, mfumo uliandika kihesabio kilikuwa kinasema nini. Sasa unakitazama tena, unatoa ile ya kwanza kutoka hii ya pili, na baki lake ni idadi ya mara. Idadi hiyo huzidishwa kwa muda wa mzunguko mmoja, na jibu huongezwa juu ya nukta iliyopita.

Hayo ndiyo yote: nukta, na mara, mara muda. Nakiri sentensi hiyo inachekesha kidogo masikioni, lakini hakuna neno lake ambalo mtoto wa darasa la nne halijui. Tuliweke kando ya maelezo tuliyoyazoea, kwamba kompyuta husoma saa, na kila msomaji ataona ni ipi kati ya hizo mbili imeficha kazi na ipi imeionyesha. Anayesema husoma amesema kwamba wakati umo mle ndani, umeandikwa, unangoja kusomwa. Kumbe wakati ule haukuwako hadi ulipoulizwa. Ulitungwa kwa ajili ya jibu.

Nao utungaji huo una masharti, na kila sharti limewahi kuvunjika. Muda wa mzunguko mmoja sharti ujulikane. Lakini zilikuja prosesa zilizopunguza kasi ili kuokoa umeme, na muda wa mzunguko ukabadilika katikati ya hesabu. Kihesabio sharti kiwe kimoja. Lakini zilikuja mashine zenye prosesa mbili na zaidi, kila moja na kihesabio chake, na programu iliyohamishwa kutoka moja hadi nyingine iliweza kuona wakati ukirudi nyuma. Watengenezaji walilazimika kubuni vihesabio vyenye mwendo usiobadilika na kasi ya prosesa. Tangu mwaka 2007 Linux iliweza hata kuacha kupigiwa hodi inapokuwa haina kazi. Ikiamka hukitazama kihesabio ijue imelala kitambo gani. Sisemi zaidi juu ya hayo, maana ni ya wahandisi.

Lile la kuzidisha, hata hivyo, halitaki kupitwa upesi. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraq lilianguka juu ya kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua watu 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kulinda mahali pale haukulifyatulia. Kompyuta ya mtambo huo ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde tangu ilipowashwa: idadi nzima, isiyo na kosa. Ili kupata sekunde, idadi hiyo ilizidishwa kwa moja ya kumi. Lakini moja ya kumi, ikiandikwa kwa tarakimu za jozi, haina mwisho, kama vile theluthi isivyokuwa na mwisho katika tarakimu zetu za kumi. Mashine ilikuwa na nafasi ya tarakimu 24, zilizosalia zilikatwa. Upungufu ulikuwa kama 0.000000095 ya sekunde kwa kila pigo. Mtambo ulikuwa umefanya kazi kwa saa 100 bila kuzimwa, yaani mapigo 3,600,000, na upungufu wote ukafika karibu 0.34 ya sekunde. Kombora lile lilikwenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Mtambo ulilitafuta mbali na lilipokuwa kwa zaidi ya nusu ya kilomita, haukuona kitu, ukanyamaza. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Natoa mfano huu kwa sababu maelezo ya kawaida, hata katika lugha nyingine, husema kwamba saa ya Patriot ilikuwa na kasoro. Haikuwa nayo. Mara zilikuwa sahihi hadi ya mwisho. Kilichopunguka ni muda, na kilipunguka katika lile tendo dogo la kugeuza idadi kuwa urefu. Mwandishi asiye na maneno mawili kwa vitu hivi viwili hawezi kusema watu wale 28 walikufa kwa kosa gani.

Hata pale ambapo hesabu haina ila, fuwele ina yake. Fuwele ya kawaida yaweza kukosa kwa sehemu 20 katika milioni, na joto huizidishia; kwa kosa la kiasi hicho saa hupotoka karibu sekunde 1.7 kwa siku. Kiswahili cha mafundi saa kimejaa vitenzi vya jambo hili: saa inakwenda mbele, inabaki nyuma, inakimbia, imesimama. Ni vitenzi vya mwendo, na vyafaa sana. Watu wa pwani walijua pia aina nyingine ya kupotoka, kubwa na ya polepole. Mwaka wa nairuzi, waliouhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi kwa ajili ya kilimo na safari za baharini, una siku 365 wala hauna siku ya kuongeza. Basi hulipita jua kwa siku moja katika kila miaka minne hivi. Hesabu ilikuwa timamu. Kipimo ndicho kilichokuwa kifupi kidogo, kama ilivyokuwa kule Dhahran.

Dawa ya fuwele ni kuuliza wenzake. Mwaka 1985 marehemu David Mills, ambaye baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Delaware, alitoa maelezo ya itifaki ambayo kwayo kompyuta huulizana wakati kupitia mtandao, na kukadiria ujumbe umechukua kitambo gani njiani. Mashine ikijua kwamba imepotoka ina njia mbili za kujirekebisha. Yaweza kuurusha wakati hadi mahali pake kwa mkupuo mmoja. Au yaweza kuusogeza, kwa kuongeza au kupunguza kidogo muda unaohesabiwa kwa kila pigo, mpaka tofauti iishe. Kwa kawaida mwendo wa kusogeza hauzidi sehemu 500 katika milioni, hivyo kufidia sekunde moja huchukua zaidi ya dakika 33. Istilahi za Kiingereza za matendo haya mawili zimetafsiriwa kwetu kwa kitenzi kimoja, kurekebisha, ambacho hakisemi kitu. Kila tendo la fundi ni kurekebisha. Kurusha na kusogeza ni vitenzi vya sokoni na vya shambani, na vinabeba tofauti yote. Wakati uliorushwa una nukta zilizorukwa, au mbaya zaidi, nukta zilizopitiwa mara mbili. Uliosogezwa hauna.

Ndiyo sababu mifumo endeshi ya leo hutunza hesabu mbili na si moja: ya kwanza ni ile ya kuonyeshwa watu, iwezayo kurushwa mbele au nyuma, ya pili ni hesabu isiyorudi, isiyojali tarehe, itumikayo kupimia vipindi. Usiku wa kuamkia 1 Julai 2012, saa nane na dakika 59 kwa saa zetu, sekunde moja iliongezwa katika wakati wa dunia ili kuulinganisha na mzunguko wa dunia yenyewe. Linux iliirudisha hesabu ya kwanza nyuma kwa sekunde moja, kama ilivyopaswa. Lakini ile sehemu ya mfumo iamshayo programu kwa vipindi vifupi haikuambiwa. Ikabaki sekunde moja mbele, ikaziamsha programu kabla ya zamu, zikarudi kulala, ikaziamsha tena papo hapo, na mashine nyingi duniani zikashughulika kwa nguvu zote bila kufanya kazi yoyote. Dawa iliyotumiwa na mafundi wengi asubuhi ile ilikuwa kuiwekea mashine tarehe ileile iliyokuwa nayo. Kule kuwekewa tu kuliifanya ile sehemu nyingine ipate habari. Mwenye kuitafsiri taarifa ya tukio hilo kwa neno wakati peke yake atalazimika kuandika kwamba wakati ulitofautiana na wakati kwa wakati wa sekunde moja.